Saa Moja Bila Mwalimu: Tathmini ya Chumba cha Mazoezi cha Kukodi, Kinondoni

Kwa wiki sita mfululizo nimekuwa mteja wa chumba kimoja cha mazoezi ya muziki kinachokodishwa kwa saa, katika mtaa wa nyuma huko Kinondoni, Dar es Salaam, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya watu wa kazi yangu, yaani walimu wa sauti ambao siku za kazi hufundisha na wikiendi hupanda jukwaani. Wenye bendi wana mahitaji yao mengine, nao wajue mapema kwamba sikupiga ngoma hata moja mle ndani wala sikuchomeka gitaa. Nilikwenda peke yangu, nikiwa na chupa ya maji, mrija, daftari na ukame wa miezi minane.

Ukame huo ni lazima niueleze kidogo, maana asiyeujua ataona kulipia chumba cha kuimbia ni anasa. Ninafundisha wanafunzi watano kwa siku, jioni ninashika mazoezi ya kwaya mbili za parokia, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi ninaimba na bendi ya watu wanne katika hoteli moja ya ufukweni, ambako sehemu kubwa ya kazi ni kupiga kopi za zilipendwa kwa wageni wanaokula samaki. Sauti yangu, kwa hiyo, haikukosa kazi hata siku moja. Kilichokosekana ni kitu kipya. Kila nilipoanza mstari wangu mwenyewe nilisikia kosa kabla sijausikia wimbo: pumzi imekaa juu, irabu imebanwa, noti ya tatu imelala chini ya mahali pake. Sikio linalonilisha mchana ndilo lililokuwa likinifukuza usiku. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu wa bendi nyimbo nne za kwetu ifikapo mwisho wa mwaka, na hadi Agosti daftari lilikuwa na vichwa vya nyimbo vitatu na mchoro wa paka.

Nilijaribu kwingine kwanza. Nyumbani tunapakana ukuta na wapangaji watatu, na ukianza kupandisha sauti saa mbili asubuhi hukosi kuulizwa kama kuna msiba. Ukumbi wa kanisa ni bure, lakini kila anayepita pale ni mwanakwaya, na mwanakwaya akimsikia mwalimu wake anakosea hawezi kupita bila kusimama asikilize vizuri. Ufukwe wa Coco alfajiri unapendeza, ila upepo wake hukausha koo, na mawimbi humfanya mtu apayuke pasipo haja. Nilijaribu pia programu ya simu inayochora sauti yako kwenye kioo, kijani ukiipata noti na nyekundu ukiikosa. Kwa mwanafunzi anayeanza inafaa sana. Kwangu ilikuwa sawa na kumwajiri mwalimu wa pili wakati huyu wa kwanza ameshanishinda.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kina urefu wa hatua zangu tano na upana wa nne, zulia la kijivu, feni ya mezani, kiyoyozi, kinanda chenye funguo 61, maiki mbili aina ya Shure SM58, miksa ndogo, spika mbili zilizosimama kwenye stendi, viti viwili vya plastiki, na kioo kirefu ambacho nadhani kiliwekwa kwa ajili ya wacheza shoo. Bei ni shilingi 10,000 kwa saa hadi saa kumi na moja jioni, na 15,000 kuanzia hapo. Unaomba nafasi kwa ujumbe wa WhatsApp, unatuma pesa kwa simu, na saa yako inaanza kuhesabiwa kwa muda mlioandikiana, uwe umefika au bado uko kwenye foleni ya magari. Sharti hilo mwanzoni liliniudhi. Baadaye nililithamini kuliko kinanda, na nitaeleza kwa nini.

Anayekiangalia chumba ni kijana mpole ambaye siku ya kwanza alinipokea kwa "Shikamoo, mwalimu," kwa sababu picha yangu ya WhatsApp inanionyesha nikiongoza kwaya. Nikaitikia marahaba, kisha nikamwomba asiniite mwalimu nikiwa pale. Aliwaza kidogo, akaniuliza, "Sasa nikuite nani, mama?" Nikamwambia dada inatosha. Tangu siku hiyo ananiita mteja, neno ambalo nyumbani kwangu lingekuwa utovu wa adabu, lakini pale juu ya ngazi nilikuwa nikilisubiri kwa hamu, maana mteja hana mwanafunzi na hakuna anayemngojea atoe mfano.

Nianze na ubora wa sauti, kwa kuwa ndicho kitu ambacho watu huuliza. Kuta zote nne zimebandikwa trei za mayai, kama ilivyo katika studio nyingi za mitaani, na mwenye chumba anaamini kwamba zinazuia sauti isitoke. Hazizuii. Sauti huzuiwa na uzito: tofali, mlango mnene, nafasi zilizozibwa vizuri. Trei ya karatasi ni nyepesi mno, na kazi yake yote ni kupunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu. Matokeo yake ni chumba ambacho "s" na "t" zimefifia huku sauti za chini zikibaki zikizunguka kati ya kuta zinazotazamana. Kuna noti mbili za chini ambazo nikizishika, chumba kizima kinavimba kama mtungi unaopulizwa mdomoni, na noti iliyo jirani yake haipati msaada wowote. Ninayaandika haya kama kasoro, na kasoro kweli ni, hasa kwa anayetaka kurekodi. Lakini zile noti mbili zilizovimba zilinivuta nikae chini katika sauti yangu, mahali ambapo mwimbaji wa sauti ya kwanza hapatembelei mara kwa mara, na wimbo mmoja umejengwa juu yake. Jambo zito zaidi ni moto: karatasi hushika haraka, na trei tatu zimebandikwa karibu mno na soketi ya kiyoyozi. Nimelisema hilo kwa mdomo mara mbili, na sasa nalisema kwa maandishi.

Maiki ni nzima na zinafutwa kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila mteja, jambo ambalo nimeliona kwa macho na nalisifia, kwani katika kazi yetu maiki hupita midomo mingi. Aina hii ya maiki, iliyotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1966, ina tabia ya kuongeza besi kadiri mdomo unavyoisogelea, na ukiwa peke yako una nafasi ya kucheza na umbali huo bila fundi mitambo kukuonya. Wiki ya kwanza nilicheza hivyo tu. Nilipasha sauti kwa mrija, zoezi ambalo mwanasayansi wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, amelieneza sana: unaimba kupitia mrija mwembamba, hewa iliyozuiliwa inarudisha msukumo kooni, na nyuzi za sauti zinatetema bila kugongana kwa nguvu. Kisha nikasimama mbele ya maiki, nikaanza mstari, nikaukata. Nikaanza tena, nikaukata. Saa mbili nzima za wiki hiyo, shilingi 20,000, zilikwisha kwa namna hiyo.

Jumanne iliyofuata kile kioo cha wacheza shoo kilinionyesha kitu. Nilikuwa nimeanza kuimba maneno ya ovyo, jina la kituo cha daladala likijirudia, na kufika noti ya tano nikanyamaza kama kawaida. Nilipoinua macho nikajiona kiooni: mkono wangu wa kulia ulikuwa umenyooka usawa wa bega, kiganja kikitazama mbele, vidole vimeshikana. Hiyo ndiyo ishara ninayowapa wanakwaya wa sauti ya pili wanapoingia mapema. Nilikuwa nimejisimamisha mwenyewe kwa mkono, na mkono ulitangulia. Koo lilitii tu. Nikarudia mara nne nikijitazama, na mara zote nne mkono ulipanda kabla sauti haijakatika. Mtu anayefundisha kwa miaka kumi na minne hujenga mwili unaofundisha, na mwili huo haubagui kati ya mwanafunzi na mwenyewe.

Tangu hapo nikawa naishika maiki kwa mikono miwili, kama mtoto anavyoshika kikombe cha uji wa moto. Ukiishika hivyo huna mkono wa kuinua. Mstari wa kwanza uliopita salama ulikuwa mbaya kabisa, wa pili ulikuwa mbaya kiasi, na niliendelea hadi saa ikaisha bila kuusahihisha hata mmoja. Hapo ndipo nilipoona thamani ya lile sharti la muda. Nyumbani mstari mbaya unaweza kuupigia magoti usiku kucha. Pale kijana anagonga mlango, wanaofuata wameshapanda ngazi na magitaa yao mgongoni, na ubaya wako unauacha zuliani. Mwalimu anayetaka kuurekebisha atalazimika kulipia saa nyingine.

Tatizo la pili lilikuwa maneno, na dawa yake niliikopa kwa watu wa taarabu. Sisi tuliolelewa na kwaya, tukisoma solfa, yaani noti za do-re-mi, aliyoieneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, huja tukidhani kwamba mwimbaji akikaa kutunga lazima atoke na maneno, tuni na mpangilio kwa pamoja. Katika vikundi vya Unguja kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, au Culture Musical Club cha mwaka 1958, kazi hizo kwa desturi hugawanywa: mshairi analeta beti, mtunzi anazitia muziki, na mwimbaji anapewa wimbo ulioiva aupambe kwa sauti. Nikajiuliza ni nani aliyeniamuru niwe watu watatu katika chumba cha hatua tano kwa nne.

Basi nikawa nanunua gazeti lenye ukurasa wa mashairi ya wasomaji, nikaingia nalo. Uzuri wa shairi la mizani nane kwa nane ni kwamba tuni moja iliyokatwa sawasawa hubeba lolote lililotungwa kwa kipimo hicho, liwe la kuaga mwaka, la kulalamikia bei ya sukari au la kumjibu mshairi wa wiki iliyopita. Kwa wiki mbili nikawa naimba malalamiko ya watu nisiowajua, nikitafuta tuni tu, na kwa kuwa maneno hayakuwa yangu na sikukusudia kuyapeleka jukwaani, sikuwa na la kuyaonea haya. Shairi moja la mtu aliyeibiwa kuku nililiimba kwa tuni sita tofauti ndani ya saa moja. Ya nne ilikuwa na kitu.

Kitu chenyewe kilinipa shida ambayo inakihusu kinanda cha pale. Nilikuwa nimekizima kwa sababu spika yake inanguruma, na nilipokiwasha nitafute noti za ile tuni, noti ya pili haikuwamo. Ilikaa katikati ya funguo mbili, juu kidogo ya ile nyeusi na chini kidogo ya ile nyeupe. Nilihangaika kwa dakika kadhaa nikidhani nimelegea, hadi nilipokumbuka redio ya bibi yangu: hiyo ni bayati, mojawapo ya makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, ambamo noti ya pili hukaa robo ya toni chini ya pale kinanda kinapoiweka, na ambayo fidla, udi na koo la binadamu huipata bila shida. Ile programu ya simu ingeniwekea wekundu. Sikio langu la kufundishia nalo lingesema nimelala, na hakika kwa miaka yote limewaambia hivyo wanafunzi kadhaa waliokulia pwani, jambo ambalo sasa linanikosesha raha ninapolikumbuka. Vipo vinanda vya kielektroniki vinavyokubali kushushwa robo kwenye noti unayoichagua, na vikundi vya taarabu huvitumia; cha chumba hiki si mojawapo. Anayeimba makamu asikitegemee.

Sasa nifike kwenye siku ya ufunguo, maana tathmini isingekuwa ya haki kama ningeificha. Jumanne ya wiki ya tano nilifika saa tatu kamili asubuhi nikamkuta kijana amesimama mlangoni akitazama kitasa. Alikuwa ameingia kupiga deki, ametoka na ndoo, na upepo umeufunga mlango ufunguo ukiwa ndani juu ya miksa. Wa akiba alikuwa nao mwenye chumba, na mwenye chumba alikuwa Kibaha. Nilikaa dakika arobaini barazani kwa mama ntilie wa jirani, ambaye alinitazama mimi na mrija wangu, akacheka hadi akaweka mwiko chini. "Pole mwaya," akasema. "Mtu mzima umefungiwa nje kama mtoto aliyechelewa kurudi." Nilinunua chai na chapati moja. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeandika nyuma ya risiti:

Mlango umefungika, ufunguo uko ndani,
Jirani ananicheka, nimekaa barazani.

Niliyahesabu mizani kwa vidole mezani, yakatimia nane kwa nane, na yakakaa kwenye tuni ya yule mwizi wa kuku kana kwamba ilikatwa kwa ajili yake. Sikuinua mkono. Chapati ilikuwa kwenye ule wa kulia.

Ninajua msomaji mkali atauliza kwa nini nilipie chumba ikiwa wimbo uliandikiwa kwa mama ntilie. Jibu langu ni kwamba tuni ilikuwa imetengenezwa ndani, kwa saa nilizozilipia, na mkono ulikuwa umeshafundishwa kutulia. Barazani palihitajika mtu wa kunicheka, huyo akapatikana bure. Mwenye chumba, kwa upande wake, alipiga simu kuomba radhi na kunipa saa nzima ya bure wiki iliyofuata, ambayo ni zaidi ya dakika nilizozipoteza. Wengine wangenipa pole tu.

Kasoro zilizobaki nizipitie haraka. Umeme ni wa LUKU na mita inahudumia chumba na duka la chini pamoja. Mara mbili uniti ziliisha katikati ya saa yangu, mara moja kiza kikadumu robo saa. Niliendelea kuimba bila maiki, lakini bendi yenye vyombo vya umeme ingekuwa imetupa pesa. Kiyoyozi kinakausha hewa, na ukikizima chumba kinakuwa tanuri baada ya dakika kumi. Nilikubaliana na feni na maji mengi. Pikipiki zinazojaribiwa chini husikika wazi, na kwa hakika wao pia wananisikia mimi, ila fundi wa pikipiki hajui kama irabu yangu imebanwa, na hilo ndilo nililohitaji. Hakuna mahali pa kusubiri isipokuwa ngazi. Choo ni safi. Kiti kimoja kina mguu mbovu, na ni kile kilicho karibu na kinanda.

Kuhusu muda, nawashauri walimu wenzangu wachukue saa za asubuhi kabla ya kufundisha. Sauti ya mwanamke katika mazungumzo ya kawaida hutetemesha nyuzi zake takriban mara 200 kwa sekunde, na aliyekwisha kufundisha watu watano kwa kuongea na kutoa mifano hufika jioni akiwa na koo lililokwisha kutumika, ambalo halitaki kujaribu lolote geni. Nafasi za jioni ni ghali zaidi na zimejaa bendi. Mimi nilichukua saa tatu kwa wiki: mbili katika siku moja haikunifaa, kwani katika saa ya pili yule mwalimu anakuwa ameamka. Kwa wiki sita nimelipa shilingi 170,000, ukiondoa ile saa ya bure, na nimetoka na nyimbo mbili kamili na ya tatu ambayo haina ubeti wa mwisho. Mpiga gitaa wetu bado analalamika kuhusu noti ya pili; ameanza kuuvuta uzi kwa kidole hadi aipate, na akiipata huwa anafumba jicho moja.

Siwezi kukipendekeza chumba hiki kwa anayetaka kurekodi, wala kwa kwaya ya watu zaidi ya sita, ambao hawataenea. Kwa mwimbaji mmoja aliyechoka kujisikiliza, bei ni halali.

Wiki iliyopita nilimwagiza huko mwanafunzi wangu mmoja ambaye tangu Januari amekwama kwenye wimbo wake wa kwanza, nikamlipia saa moja na kumkataza kuniletea rekodi yoyote. Alikuja darasani Alhamisi, akanisalimia, akaanza kupasha sauti kama siku zote. Nilijizuia kumuuliza. Alipokuwa anaondoka akaniomba namba ya yule kijana, akisema anataka Jumanne saa tatu asubuhi, na ilinibidi nimwambie kwamba hiyo ina mteja.